Balansi Yangu na Wino Mwekundu
Mhadhiri mmoja alikata neno "balansi" katika insha yangu kwa wino mwekundu, akaandika "chenji". Maksi achukue, sababu yake ndiyo naipinga: eti balansi si Kiswahili. Kwani chenji ilizaliwa Lamu? Yote mawili ni ya Waingereza. Hata "sawa", mzizi wa kusawazisha, tuliipokea kwa Waarabu. Kwenye teksi ya Jinja kwenda Mbale, abiria anayeshuka Iganga humwambia kondakta, "Balansi yangu!", naye huelewa.

Ila wenzangu, nasi tumezidi, tunabalansi kila kitu! Hesabu husawazishwa, waliogombana hupatanishwa, matoke nyuma ya bodaboda hupangwa sawia. Hapo kata, mwalimu. Lakini shilingi mia tano alizobaki nazo kondakta ni balansi yangu.