Binti Aanzapo Kazi ya Habari

Mtu akiingia katika kazi ya kuandika habari, aanze na nini? Tutazame Bara Hindi. Mwaka wa 2002, katika wilaya ya Chitrakoot, jimbo la Uttar Pradesh, wanawake wa vijijini walianza kutoa gazeti lao, Khabar Lahariya, maana yake «Mawimbi ya Habari». Waliliandika kwa Kibundeli, lugha ya nyumbani. Wengi wao ni Wadalit, watu waliodharauliwa tangu kale. Tena baadhi yao walisoma kidogo tu.

Mwanamke aingiapo kazi hiyo, jambo gumu la kwanza si kalamu. Ni kusimama mbele ya mkubwa asiyezoea kuulizwa na mtu kama yeye, na kumwuliza: mbona kisima hakitoi maji, mbona barabara haikutengenezwa? Kisha aandike lililo kweli, asiongeze, asipunguze. Mwaka wa 2009 UNESCO iliitunuku kazi hiyo. Baadaye wakaacha karatasi, wakajifunza kutoa habari kwa simu na intaneti.

Basi wazazi, tusiseme binti hahitaji daftari. Nanyi wanafunzi, msione haya: kuuliza si ujinga.