Kejeli na Dhana: Tuliyoyaona katika Tamthilia ya Mpelelezi Kijana



Ndugu wasomaji, baadhi ya wazazi watashangaa kuona jarida la madrasa linazungumzia tamthilia ya Kimarekani. Hata sisi tunaoliandaa tulishangaa kidogo. Lakini vijana wetu wanaosoma sekondari mjini Iringa hurudi likizo hapa Kilolo na filamu kwenye flashi na simu zao, na jioni za Juni, ukungu ukishatanda na baridi ikawafungia watu ndani, hakuna pengine pa kwenda isipokuwa kujikunyata mbele ya runinga. Kukemea kitu tusichokijua ni sawa na kukata kesi bila kusikiliza mashahidi. Kwa hiyo tulikaa, tukatazama. Ipo na sababu ya pili, nayo ni boksi la tende. Tutaifikia.

Tamthilia yenyewe inaitwa Veronica Mars. Ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2004, ikaendelea kwa misimu mitatu mpaka 2007, kisha ikarudi kama filamu mwaka 2014 na kwa msimu mmoja zaidi mwaka 2019. Mtunzi wake ni Rob Thomas na mhusika mkuu ameigizwa na Kristen Bell. Veronica ni msichana wa sekondari katika mji wa kubuni wa Neptune, jimbo la California. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi wa pale, cheo ambacho kwao hupigiwa kura. Rafiki wa Veronica, Lilly Kane, aliuawa nyumbani kwao. Mzee Mars akamtuhumu baba wa marehemu, tajiri Jake Kane, na mji mzima ukamgeukia. Akang'olewa kwenye cheo, akafungua ofisi ya upelelezi wa binafsi, na binti yake akawa msaidizi wake baada ya masomo. Tuseme mapema kwamba yamo mambo mengi humo yasiyofaa kutazamwa na watoto, na hatumtumi mtu akaitafute. Tunazungumza na wale ambao tayari wameshaitazama, nao si wachache.

Kinachowavutia zaidi vijana ni ulimi wa yule msichana. Kila anayemchokoza hurudishiwa jibu lenye ncha mbili: ukilisikia haraka ni sifa, ukilitafakari ni kofi. Hiyo ndiyo kinaya, yaani maneno kusema hivi na maana ikawa kinyume chake. Basi likizo iliyopita tulisikia kila kona ya uwanja wa madrasa mtu akimsifia mwenzake kwa namna ambayo haikuwa sifa. Lakini vijana wetu waliichukua kejeli wakaacha mwelekeo wake. Veronica ni mtu aliyefukuzwa kwenye meza ya wakubwa. Matajiri wa Neptune wana mtaa wao wenye postikodi 90909, na watoto wao huitwa kwa tarakimu za mwisho za namba hiyo, kana kwamba postikodi ni ukoo. Maneno yake makali mara nyingi huwaelekea hao, pamoja na mkuu mpya wa polisi, mtu wa majivuno na uvivu, ambaye kwa mzaha wa mtunzi anaitwa Lamb, yaani mwanakondoo. Kejeli yake nyingi inapanda juu. Ya vijana wetu ilikuwa ikishuka chini, kwa mdogo, kwa mwenye kigugumizi, kwa aliyevaa kanzu ya kaka yake.

Mzaha wa majina haukuishia kwa Lamb. Mars ndiyo sayari tunayoiita Mirihi, na Warumi waliipa jina la mungu wao wa vita. Neptune nayo ni sayari. Hayo ni mapambo tu. Yapo majina mawili mengine ambayo yametufanya tuandike makala hii.

Familia iliyofiwa ni ya Kane. Kwa Kiingereza jina hilo hutamkwa sawasawa na jina la yule ambaye majirani zetu Wakristo humwita Kaini, na sisi tunamwita Qabil, muuaji wa kwanza katika wana wa Adam. Na mtu aliyekiri kumuua Lilly, akahukumiwa kifo, anaitwa Abel Koontz. Abel ni Habil. Mwanafunzi yeyote wa darasa la tatu hapa madrasa anajua kisa chao katika Suratul Maidah: sadaka mbili, moja ikakubaliwa na nyingine ikakataliwa, na kunguru aliyetumwa kufukua ardhi ili muuaji ajifunze kumsitiri ndugu yake. Katika tamthilia, aliyepewa jina la mwanadamu wa kwanza kuuawa ndiye anayebeba hatia ya muuaji. Naye hakuua. Ni mgonjwa aliyekuwa akisubiri kifo hata hivyo, akakubali kulibeba kosa ili binti yake apate fedha.

Hatujui kama mtunzi aliyapanga majina hayo kwa makusudi, wala si muhimu sana. Muhimu ni kazi yanayoifanya kichwani mwa mtazamaji. Ukishamsikia Qabil ndani ya Kane, unaanza kutafuta ndugu aliyemuua ndugu. Na Lilly ana kaka, Duncan, kijana mwenye maradhi yanayompotezea kumbukumbu, ambaye siku ile alikutwa kando ya maiti. Tunakiri kwamba sisi sote tuliokuwa tukitazama tulishamhukumu Duncan kabla hatujafika katikati ya msimu wa kwanza. Ajabu ni kwamba wazazi wake mwenyewe walifanya vilevile. Walidhani mwana wao ndiye Qabil wa nyumba yao, na kwa kumficha wakapotosha ushahidi wote. Mzee Mars naye alikuwa ameona kwamba Jake Kane anaficha kitu, jambo ambalo ni kweli, akadhani anachoficha ni mkono wake mwenyewe, jambo ambalo si kweli. Veronica naye akamshuku Logan, kijana aliyekuwa amempenda. Mwishoni muuaji anajulikana kuwa ni Aaron Echolls, baba wa huyo Logan, mwigizaji wa sinema anayependwa na watu wote. Hapo ndipo kinaya kubwa ilipokuwa imejificha muda wote: mtu ambaye kazi yake ni kujifanya mtu mwingine hakuna aliyemshuku kwamba anajifanya.

Kwa hiyo mchezo wa maneno humo si wa kuchekesha peke yake. Ni mtego. Jina linakunong'oneza jibu, nawe unaacha kuuliza swali.

Wala tusidhani ni ujanja wa Wamarekani peke yao. Mwandishi wetu wa Zanzibar, Mohammed Said Abdulla, aliujua zamani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, maiti inakutwa mzimuni. Jina la mahali pale linatosha kumfanya mtu mwenye hofu aseme basi, tumeshajua. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakukubali jina la mahali limjibie swali. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, mwandishi yuleyule akatoa Kosa la Bwana Msa. Kuwa na mpelelezi ambaye hata jina la kitabu linamtaja kwa kosa lake ni adabu nzuri ya kiuandishi, na tungependa maktaba yetu ndogo ivipate vitabu hivyo.

Lakini kwa nini twende mbali? Wanafunzi wetu wamehifadhi Surat Yusuf. Tazameni kanzu inavyofanya kazi humo. Ndugu zake Yusuf walileta kanzu yenye damu ya uongo wakasema mbwa mwitu amemla. Wafasiri husimulia kwamba Nabii Yaqub (a.s.) aliigeuza akaistaajabia hekima ya mbwa mwitu yule, aliyemla mtoto bila kuichana nguo yake. Hiyo ni kejeli ya mzee aliyevunjika moyo, na ndani yake mna ushahidi. Baadaye, Misri, mke wa mkubwa alipomsingizia Yusuf, shahidi kutoka jamaa za mwanamke hakusema huyu ni mtumwa na watumwa ni hivi na hivi. Alisema iangaliwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma, Yusuf ni mkweli. Ikaonekana imechanwa nyuma. Kisha mwishoni kabisa, kanzu ya Yusuf ndiyo iliyowekwa usoni pa baba yake akarudi kuona. Na hakuna kinaya kali kuliko pale ndugu wale, kikombe cha mfalme kilipokutwa kwenye mzigo wa mdogo wao, walipomwambia mkubwa wa Misri kwamba huyu akiiba si ajabu, maana alikuwa na kaka yake naye aliiba. Walikuwa wakimsengenya Yusuf mbele ya Yusuf. Naye aliificha nafsini mwake.

Sasa tende.

Ramadhani iliyopita ilituangukia katikati ya mvua. Msamaria mmoja alituletea maboksi mawili ya tende kwa futari ya wanafunzi, tukayaweka stoo. Siku ya nne boksi moja halikuonekana. Yupo mwanafunzi wetu, hatutamtaja, ambaye aliwahi kuomba sahani ya pili ya pilau kwenye walima wa jirani, na tangu siku hiyo wenzake wakambandika jina la Fisi. Na siku ile yeye ndiye aliyekuwa zamu ya kufagia stoo. Mmoja wetu, mtu mzima, mwalimu, akatania mbele ya darasa: fisi kakabidhiwa bucha! Darasa lilicheka. Sisi pia tulicheka, maana ulikuwa utani mzuri, umekaa mahali pake, na hapa Uheheni tumekulia kwenye utani.

Kilichofuata ndicho tunachokionea haya. Vijana wakageuka wapelelezi. Wakaupekua mfuko wake wa vitabu akiwa anatawadha. Wakamnusa mikono. Wawili wakamfuata magharibi hadi kwao wakachungulia dirishani, waone familia ile inafuturu kwa nini. Walikuta uji na viazi. Siku ya pili wakaja kutangaza hata hilo.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11 inakataza watu kudharauliana kwa dhihaka na kuitana kwa majina mabaya. Aya inayofuata inakataza dhana nyingi, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Tumeisoma miaka yote kama orodha ya makosa mbalimbali. Safari hii tuliiona kama njia moja, nasi tulikuwa tumeitembea hatua kwa hatua bila kuruka hata moja: lakabu, dhihaka, dhana, dirisha, kisha masengenyo.

Imam Ghazali katika Ihyaa ameitaja habari ya Sayyidna Umar (r.a.), alivyokuwa akizunguka usiku Madina akasikia sauti ya kuimba, akaparamia ukuta akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amemwasi Mola wake kwa jambo moja, na Amirul Muuminina kwa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakuomba idhini wala kutoa salamu. Umar akamsamehe, akaondoka. Jibu lile nalo lilikuwa na makali, lakini lilipanda juu, kwa mwenye madaraka, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Hatusemi vijana wasitanie. Mtume (s.a.w.) aliombwa mnyama wa kupanda, akamwambia mwombaji atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akafadhaika: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Akaambiwa, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia jike? Huo ni mchezo wa maneno kamili. Aliyetaniwa aliingia na shida akatoka na ngamia. Mtoto wetu alifagia stoo akatoka na jina la mwizi.

Boksi lilipatikana baada ya siku tisa. Bibi anayetupikia futari aliona bati la stoo linavuja, akalichukua boksi akaliweka kwake pakavu, kisha akaitwa msibani Ifunda. Aliporudi alilileta mwenyewe, kichwani, akishangaa kwa nini tumenyamaza. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kumwuliza. Tulikuwa tumeshapata jina.

Yule kijana hakuonekana madrasa kwa wiki tatu. Tulikwenda kwao, mwalimu aliyetania akiwa mbele, tukaomba radhi kwa wazazi, na aliporudi tukaomba radhi tena mbele ya darasa zima. Tulimuuliza kama ana la kusema. Aliangalia chini muda mrefu, kisha akasema:

"Ustadhi, mimi tende zenyewe sizipendi."