Usitupe kitambulisho cha chuo, ndicho mlango wa benki ya uwekezaji

Fungua simu yako usiku wa leo. Hutapita video tatu kabla hujakutana na kijana wa rika lako amevaa suti, ameegemea gari ambalo huenda si lake, anakwambia yeye ni mtaalamu wa uwekezaji, na kwamba ukimtumia elfu ishirini leo, Ijumaa anakurudishia elfu sitini. Chini ya video watu kibao wanauliza, "Naanzaje?"

Na wewe uko mwaka wa pili, unasomea uchumi, hesabu au uhasibu, unajiuliza swali hilo hilo. Kazi ya pesa kubwa mtu huianzaje? Hebu nikujibu, maana mimi nililipa karo ya muhula mzima kulijua jibu.

Nikiwa mwaka wa tatu, mathe alinitumia 42,000. Anauza mitumba ya watoto Gikomba, na hizo pesa zilitoka kwa chama, zamu yake ilikuwa imefika. Badala ya kulipa karo, nilizipeleka kwa jamaa mmoja wa kundi la forex huko Telegram. Siku tisa tu, akaunti ikasoma sifuri, na jamaa akanitoa kwenye kundi. Mtihani sikufanya. Aibu ilinizuia kumwambia mathe, na aibu hiyo hiyo ikanizuia kurudi darasani. Hadi leo sijarudi.

Miaka miwili baadaye, akili ikiwa imeingia, nilijaza fomu ya kuomba nafasi ya mafunzo katika kampuni moja ya uwekezaji hapa Nairobi. Swali la kwanza baada ya jina: chuo na mwaka wa masomo. Nilikaa nikalitazama. Wakati huo nilikuwa najua kusoma hesabu za kampuni kuliko nilivyojua nikiwa mwanafunzi. Lakini sikuwa na cha kuandika hapo.

Ndiyo maana leo nakwambia hivi: kile kitambulisho cha chuo unachokitumia kupata chakula cha bei nafuu kantini kina thamani kuliko unavyofikiria. Kwa kazi hii, muda mzuri wa kuanza ni ukiwa bado mwanafunzi. Usingoje kofia ya mahafali.

Kwanza tuelewane. Benki ya uwekezaji si mahali pa kuweka akiba, na wala si kubahatisha bei ya dola kwenye simu saa tisa usiku. Kazi yake ni kusaidia kampuni au serikali kupata pesa nyingi kwa kuuza hisa au hatifungani, na kuishauri kampuni inayotaka kununua nyingine ama kuungana nayo. Hapa Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake, bure. Utaona majina kama Dyer & Blair, Faida na Standard Investment Bank. Yule wa suti na gari mtafute humo. Usipomwona, umejijibu.

Mfano mzuri ni Safaricom mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Nyuma ya pazia, Dyer & Blair ya hapa nyumbani na Morgan Stanley ya Marekani ndizo zilizokuwa washauri wakuu. Kuna mtu alikaa usiku akipiga hesabu ya thamani ya kampuni, mwingine akaandika waraka wa kuwaeleza wanunuzi faida na hatari, mwingine akahakikisha sheria imefuatwa. Wakenya walijaa kwenye foleni, wengine na pesa za mkopo, na maombi yakazidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne. Kabla mwaka huo kuisha, bei ilikuwa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Waliokopa ili wauze haraka waliumia. Wale wa mezani walikuwa wamelipwa kwa kazi waliyofanya. Jiulize wewe unataka kukaa upande gani.

Sasa, ukiwa chuoni unafanya nini?

Moja, soma hesabu za kampuni. Zile zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, NSE, lazima zitangaze matokeo yao kwa umma. Safaricom hufunga mwaka wake Machi, EABL hufunga Juni. Chukua ripoti ya moja, ifungue kwenye Excel, uandike mwenyewe mapato, gharama, madeni na pesa taslimu za miaka mitano. Kisha andika kurasa mbili: kampuni hii inapata pesa wapi, inadaiwa kiasi gani, na hisa yake ni ghali au bei poa? Ukifanya kampuni tatu, una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Wenzako wengi watakuwa na wasifu unaosema tu "ni mchapakazi na mwepesi kujifunza".

Mbili, tumia milango iliyo wazi kwa wanafunzi. NSE imekuwa ikiandaa mashindano ambapo vijana wa vyuo hununua na kuuza hisa kwa pesa za kuigiza. Ukipoteza huko, hakuna mama aliyepoteza zamu ya chama. Kuna pia mitihani ya kitaaluma. Ile ya CFA inatambulika dunia nzima, na anayekaribia kumaliza digrii anaruhusiwa kufanya daraja la kwanza, ila ada yake ni ya dola na inauma. Ile ya CIFA, inayosimamiwa na kasneb hapa hapa Kenya, unalipia kwa shilingi.

Tatu, likizo ndefu isiishe ukiwa kitandani. Chukua barua ya idara yako na ubishe hodi. Usiandamane tu na wale wakubwa. Kuna madalali wa hisa, kampuni za kusimamia pesa za pensheni, ofisi za wakaguzi wa hesabu, hata sacco. Mtu aliyekaa miezi mitatu kwa mkaguzi wa hesabu anajua jinsi faida inavyoweza kupambwa, na huyo ndiye benki inamtaka.

Sitakudanganya kwamba ni mteremko. Soko letu ni dogo, na matoleo makubwa ya hisa kama lile la 2008 yamekuwa haba tangu hapo. Nafasi ni chache, saa za kazi ni nyingi, na kujuana bado kunafanya kazi Nairobi. Unaweza kufanya haya yote na mtoto wa fulani akaitwa kabla yako.

Hapo nina neno na wakubwa wa hizo ofisi za Westlands na Upper Hill. Tangazeni nafasi za mafunzo hadharani, na mlipe hata kama ni nauli na chakula. Kijana wa Kayole hawezi kuja Westlands kila asubuhi kwa miezi mitatu bila shilingi, halafu mseme hamumwoni. Anayeweza ni yule ambaye baba anamlipia kila kitu. Mnaita hiyo kuchagua wenye uwezo, lakini uwezo mnaoupima ni wa mfuko wa mzazi. Na vyuo nanyi, mwanafunzi anawezaje kumaliza miaka minne ya fedha bila kufungua ripoti hata moja ya kampuni ya Kenya?

Lakini wewe usingoje hao wabadilike. Kuna kitu unacho leo ambacho mimi ninakitafuta: jina lako liko kwenye daftari la chuo. Linakupa barua, mwalimu wa kukudhamini, maktaba, na jibu la lile swali la kwanza kwenye fomu.

Mimi naweka akiba nirudi. Nimeshamwambia mathe ukweli, mwaka jana, tukiwa tunafunga mzigo jioni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo unarudi lini?"

Kwa hivyo kama karo ya muhula huu iko kwa simu yako sasa hivi, na kuna mtu amekuandikia kwamba anaweza kuizidisha kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, usimjibu. Ilipe leo.