Tusisubiri Mzigo Kama Livingstone

Wadau, nipo Tabora na nina hasira kidogo. Juzi mtaalamu mmoja wa afya aliniambia, tena huku anatabasamu, kwamba habari za kuamsha kinga ya mwili kwa wagonjwa wa sepsisi "si za kwetu". Eti tuwaachie wenye hela, wakimaliza watatuletea.

Watatuletea! Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi mitano akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Naona sisi bado tumekaa kwenye baraza lile lile.

Basi tuongee. Sepsisi ni pale maambukizi yanapofanya mwili ujidhuru wenyewe: presha inashuka, figo zinagoma, mtu anapoteza fahamu. Mwaka 2017 inakadiriwa watu milioni 48.9 duniani waliipata na milioni 11 wakafa, na mzigo mzito zaidi uko huku kwetu, kusini mwa Sahara. Ila kuna kifo cha pili kisichosemwa sana. Mama yangu mdogo alivuka zile siku za mwanzo, homa ikashuka, akaomba uji. Wiki ya tatu akapata nimonia, na hiyo ndiyo iliyomchukua. Askari wa mwili walikuwa hoi, wamelala lindoni.

Seli za kinga zina breki iitwayo PD-1. Kwenye sepsisi breki hiyo inaweza kung'ang'ania. Zipo dawa za kuiachia, kama nivolumab, zinazotumika kutibu saratani; James Allison na Tasuku Honjo, waliofungua njia ya tiba hiyo, walipata Nobel mwaka 2018. Mwaka 2019 yakachapishwa majaribio mawili madogo ya Marekani kwa wagonjwa wa sepsisi, moja la watu 24, jingine 31. Yalilenga usalama na kipimo cha dawa. Atakayekwambia imethibitika kuokoa maisha anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa sikia. Breki hiyo hiyo inasaidia kuzuia kinga isipitilize mtu akiwa na kifua kikuu. Panya waliozaliwa bila PD-1 walikufa haraka walipoambukizwa TB, na wapo wagonjwa wa saratani ambao TB iliwaibukia baada ya kupewa dawa hizi. Mama mdogo aliwahi kutibiwa TB. Dawa ile ingemwinua au ingemmaliza? Jibu halitatoka Marekani, ambako TB ni adimu.

Na si kwamba hatujaonywa. Mwongozo wa wenzetu ulisema mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu amiminiwe maji ya dripu haraka. Jaribio la FEAST likapima jambo hilo kwa watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Matokeo ya 2011: waliomiminiwa, asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Zambia nao, 2017, watu wazima wenye sepsisi: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Najua kuna watakaosema tutageuzwa panya wa maabara. Ndugu yangu, dawa isiyopimwa kwetu ikianza kutumika wodini, hapo ndipo unapokuwa panya, tena bila hata daftari la kuandika yaliyokupata.

Sisemi tuanze kuchoma watu sindano za mamilioni. Kuotesha damu maabara na antibiotiki kwa wakati vije kwanza, hilo sibishi. Lakini NIMR ina kituo hapa hapa Tabora. Kuchunguza kinga ya mgonjwa wa sepsisi mwenye VVU, mwenye TB, mwenye malaria, inalala lini na kwa nani, kunasubiri mzigo gani kutoka pwani?

Yule mtaalamu nitamrudia Jumatatu na swali moja: kati ya wagonjwa wa sepsisi waliopita wodini kwake mwaka huu, wangapi waliwahi kuugua TB? Kama hajui, aanzie hapo.