Mapitio ya Wanyama Si Viwanja vya Kugawa

Ipo dhana iliyoenea, hata katika ofisi za Serikali, kwamba kazi ya kuhifadhi wanyamapori ilimalizika siku mipaka ya hifadhi ilipochorwa. Hifadhi ya Ziwa Manyara ilitangazwa mwaka 1960 na ya Tarangire mwaka 1970. Ikadhaniwa kuwa wanyama wamekwisha kupewa chao na wananchi chao. Dhana hiyo ni potofu, na matokeo yake yanaonekana waziwazi Kwakuchinja, eneo lililo baina ya hifadhi hizo mbili.

Tarangire kwa hakika ni hifadhi ya kiangazi. Mto wake huwa na maji wakati mbuga za jirani zimegeuka vumbi, na ndiyo sababu tembo, pundamilia na nyumbu hukusanyika huko. Mvua zinyeshapo hutawanyika. Nyumbu wengi huelekea mashariki, katika mbuga za Simanjiro, wakazalie huko, kwa kuwa majani yake yana madini, hasa fosforasi, ambayo jike anyonyeshaye hayapati ya kutosha ndani ya hifadhi. Wanyama wengine hupita Kwakuchinja kuelekea Manyara na kaskazini zaidi. Mfugaji wa Simanjiro huielewa habari hii bila kufundishwa, maana naye hawezi kuwaweka ng'ombe wake kisimani mwaka mzima.

Makundi ya nyumbu wa eneo hilo, yaliyohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1980, yalipungua hata kufikia elfu chache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ujangili ulichangia, lakini jembe nalo lilichangia. Kwakuchinja leo hukatwa na barabara kuu ya lami itokayo Arusha kwenda Babati. Kando yake yamejengwa maduka na nyumba, na mashamba yamesogea. Hapo hapo Minjingu upo mgodi wa fosfati: madini yale yale ambayo nyumbu huyafuata kwa miguu huchimbwa na kutiwa katika magunia ya mbolea.

Haifai hata kidogo kumtupia lawama mkulima. Mtu aliyegawiwa ekari zake na serikali ya kijiji hakuvamia kitu. Lawama ni ya utaratibu unaoruhusu idara moja kuchora ushoroba wa wanyama huku nyingine ikipima viwanja juu ya ushoroba huo huo, kila moja ikiwa na jalada lake na mhuri wake.

Si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inampa Waziri uwezo wa kutenga shoroba, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2018. Mwaka 2022 mpango wa taifa ulizitaja shoroba 61, na 20 kati yake zikapewa kipaumbele. Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya vijiji, nayo inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Ushoroba usiojadiliwa na mkutano huo utabaki kuwa mstari wa wino.

Nao wanakijiji watauliza swali la haki: watafaidi nini? Kifuta jasho kinachotolewa tembo walapo mahindi si fidia, na jina lenyewe linakiri hivyo. Lakini iko mifano ya kutia moyo. Katika miaka ya 2000 kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilipatana na makampuni ya utalii yakilipe kila mwaka ili mbuga yake isilimwe, huku mifugo ikiendelea kuchungwa. Wafugaji hawakuhamishwa, nyumbu hawakufukuzwa, na kijiji kikapata fedha. Mapatano ya namna hiyo yanastahili kuigwa kuliko amri za kuhamisha watu, ambazo huzaa chuki.

Hapana budi, basi, maofisa ardhi na maofisa wanyamapori wa wilaya waketi meza moja kabla ramani yoyote ya viwanja vya kando ya barabara ile haijatiwa sahihi. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ipelekwe katika mikutano mikuu ikiwa imeandikwa kwa lugha ya kueleweka, na malipo yatajwe humo kwa shilingi badala ya ahadi. Walimu walioko vijijini, ambao aghalabu ndio huombwa kuisoma na kuifafanua karatasi ya namna hiyo, wapelekewe nakala mapema. Mpango ukipita, mawe ya mipaka yasimikwe kabla ya msimu wa kulima. Ramani iliyofungiwa kabatini wilayani haimsaidii mkulima anayetaka kujua shamba lake liishie wapi.