Toba Bila Kurudisha ni Nusu Toba

Wenzangu wameandika kuhusu nidhamu, mitihani na usafi wa mazingira. Mimi nimechagua kuandika juu ya imani. Tafadhali usifunue ukurasa haraka ukidhani nataka kukuhubiria. Nataka kwanza kuungama, kisha nitoe maoni yangu, nawe uniambie kama nimekosea.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi kabla ya kufika shuleni mimi hubeba maziwa ya mama. Lita moja ni ya cucu mmoja jirani, mjane anayelea wajukuu watatu, na lita tatu ni za mama mwenye kibanda cha chai pale njia panda. Muhula wa kwanza nilianza mchezo mbaya. Nikifika kwenye bomba la maji, nilikuwa naongeza nusu lita ya maji kwenye mtungi. Zile lita nne zinakuwa nne na nusu. Nusu ya ziada nilimuuzia fundi mmoja wa mawe kwa shilingi 30. Mama hakujua. Hizo pesa zikawa zangu, nikala mandazi wakati wa mapumziko kama mtoto wa tajiri.

Kinaya ni kwamba siku hizo hizo nilikuwa kiongozi wa nyimbo katika Umoja wa Wakristo. Ijumaa saa za vilabu nilikuwa nikiimba hadi mishipa ya shingo inasimama. Wenzangu walisema, "Huyu ameokoka kweli kweli!" Nami nilikubali, kwa sababu kila usiku nilikuwa natubu. Naam, nilitubu! Nilimwambia Mungu anisamehe, nikalala vizuri, na asubuhi nikasimama tena kwa bomba.

Sasa sikiliza jambo lililonifungua macho. Maziwa ya kupeleka kwa chama cha ushirika sikuyagusa hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu karani wa pale ana kipimo cha kioo. Maziwa safi ni mazito kuliko maji, kwa hivyo kile kipimo huelea juu. Ukitia maji, maziwa yanakuwa mepesi na kipimo kinazama zaidi. Karani akiona hivyo anakurudishia mtungi wako mbele ya watu wote. Basi kwa karani nilikuwa mwaminifu kabisa, na kwa cucu nilikuwa mwizi, maana cucu hana kipimo. Siku moja nikajiuliza, je, nilikuwa namwogopa nani? Mungu au kipande cha kioo? Nilipata jibu na halikunipendeza.

Nikakaa chini na kalamu. Siku 30 za shule, mara shilingi 30, ni shilingi 900. Kwa hesabu ya uwiano ambayo mwalimu wetu alitufunza, niligundua kwamba cucu alikuwa amenunua maji ya shilingi 200, mama wa kibanda maji ya shilingi 600, na fundi maji ya shilingi 100. Nilichuma kahawa ya watu Jumamosi kadhaa mpaka nikazipata zote. Halafu nikamwambia mama. Wacha niseme ukweli, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kuchuma kahawa. Mama alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Enda ulipe. Lakini ujue umenivunjia jina."

Cucu alihesabu zile noti mara mbili. Akaniuliza, "Na hizi nazo umeziiba wapi?" Nikamweleza kuhusu kahawa. Akazifunga kwenye pembe ya leso yake, akasema, "Mjukuu wangu, hivi ndivyo Ndugu walivyokuwa wakifanya." Nikamwuliza Ndugu gani, akanisimulia, na mambo aliyonisimulia yako hata katika vitabu vya historia ya kanisa.

Dini ya Kikristo si ngeni huku kwetu. Waanglikana walianza misheni yao Kigari, Embu, mwaka wa 1910, nao Waskoti wakaanza ya Chogoria mwaka wa 1922, ambapo Daktari Archibald Irvine aliweka msingi wa hospitali inayotibu watu mpaka leo. Lakini watu wengi walikuwa wamebatizwa kwa maji tu, na tabia zikabaki zile zile. Ndipo ukaja Uamsho. Ulitokea Gahini nchini Rwanda, ukapitia Uganda, ukaingia Kenya mwaka wa 1937. Waliookoka waliitwa Ndugu. Jambo lililowashangaza majirani halikuwa kuimba kwao. Walishangaa kuona watu wanarudisha vitu! Mtu alienda kwa tajiri wake na kusema, nilikuibia hiki, chukua. Mwingine alilipa deni ambalo hata mwenyewe alikuwa amelisahau. Na ilipotangazwa hali ya hatari mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kula kiapo, na vilevile wakakataa kubeba bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Watu waliozoea kuwa wakweli katika mambo madogo waliweza kusimama siku ya jambo kubwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: toba bila kurudisha ni nusu toba. Ukiniibia kalamu, kisha ukapiga magoti na kumwomba Mungu msamaha ukiwa umeishika kalamu yangu mkononi, umetubu nini? Hata Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mti, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani na kumpa chakula. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwalipa mara nne wote aliowanyang'anya. Mimi nililipa mara moja tu, kwa hivyo hata Zakayo amenishinda mbali. Na katika mahubiri ya mlimani tunafundishwa kwamba ukikumbuka ndugu yako ana jambo nawe, uiache sadaka yako pale pale, uende mkapatane kwanza. Kupatana kwanza, sadaka baadaye. Sisi tumegeuza.

Najua kuna wanaonipinga. Rafiki yangu mmoja wa Umoja wa Wakristo aliniambia, "Wewe umetuaibisha bure. Yesu alilipa yote msalabani, ya nini kujianika?" Nakubali kwamba msamaha wa Mungu haununuliwi. Hata ningechuma kahawa ya Embu yote na Meru yote, singeweza kuununua. Lakini deni la cucu halikuwa mbinguni. Lilikuwa hapa hapa, na aliyelilipa kila siku ni mjukuu wake mdogo aliyekunywa maji badala ya maziwa. Mungu akinisamehe, yule mtoto bado ananidai.

Wengine husema, "Wakubwa wanaiba mamilioni na hakuna anayewauliza, na wewe unahangaika na shilingi 900!" Hawa nawaelewa, kwa maana inauma kweli. Lakini hao wakubwa nao walikuwa wanafunzi. Hakuna aliyezaliwa akiiba mamilioni. Aidha, anayetaka kuwakemea wakubwa ni lazima mikono yake iwe safi. Mfano ni Askofu David Gitari, ambaye tangu 1975 aliongoza dayosisi ya Mount Kenya East, iliyojumuisha Embu na Meru wakati huo. Alikemea waziwazi kura ya mlolongo, ile ya wapiga kura kupanga foleni nyuma ya wagombea, iliyotumika mwaka wa 1988. Mwezi wa Aprili 1989 wavamizi walifika nyumbani kwake usiku, akaponea kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele hadi majirani wakaja. Je, angeweza kusema wizi wa kura ni dhambi kama yeye mwenyewe angekuwa na mtungi wa maziwa ya maji?

Sasa tuje hapa shuleni kwetu. Tunao watu wanaoomba kwa sauti asubuhi, na saa nne wanaingia kwenye mtihani na mwakenya ndani ya soksi. Wakipata alama nzuri wanasema, "Mungu ni mwema." Kweli ni mwema, lakini hakuandika ile karatasi! Tunao pia waliochukua vitabu vya maktaba na kukaa navyo. Katika darasa letu tunagombea kamusi moja watu kumi na wawili, na nyingine zimelala nyumbani kwa ndugu waliookoka. Ukitaka kukua kiroho, huhitaji kungoja mkutano wa injili. Anza na kamusi.

Napendekeza hivi. Chama chetu cha Kiswahili kiweke sanduku mlangoni mwa maktaba kwa muda wa juma moja kila muhula. Mwenye kitabu, kalamu au rula ya mtu airudishe humo. Asiandikwe jina, asiulizwe swali. Anayeweza kumkabili mwenyewe ana kwa ana, na afanye hivyo, kwa maana ndiyo bora zaidi. Nimemwomba mwalimu mlezi, naye amesema atalifikiria kama wanachama tutaliunga mkono.

Nisikudanganye kwamba ukirudisha kila kitu kitakuwa shwari. Fundi alicheka tu, akanipiga begani. Lakini mama wa kibanda alipochukua zile shilingi 600 aliniambia, "Asante, kijana. Sasa nitajuaje kama ya leo hayana maji?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo ananunua maziwa kwingine, na mama yangu amepoteza lita tatu kila siku kwa makosa yangu. Hiyo siwezi kuirudisha kwa kuchuma kahawa. Cucu bado ananunua kwetu. Kila asubuhi nikimfikishia mtungi yeye huinua kifuniko, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. Simlaumu. Nasimama pale nikingoja amalize kutazama, halafu naenda shule.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu msomaji, una kitu cha mtu nyumbani? Unakijua. Kirudishe kabla muhula haujaisha.

Kidato cha Tatu