Mtoto Haachi Shule kwa Siku Moja

Katika mtaa wa Hai Mauna, mjini Juba, kazi za nyumbani huanza kabla ya kengele ya shule. Maji hununuliwa kwa madumu, na lazima awepo mtu wa kuyangojea na kuyabeba. Mkaa hauna budi kuwashwa, mtoto mchanga aogeshwe, na mama auzaye chai sokoni awahi mahali pake kabla wateja hawajapita. Katika nyumba nyingi mtu huyo wa kungojea maji ni binti aliye sekondari. Siku ya kwanza hukosa kipindi cha asubuhi. Juma linalofuata hukosa Jumatatu nzima. Muhula ukikaribia kwisha huona haya kurudi darasani, kwa kuwa wenzake wamekwisha kumwacha nyuma. Ndipo wazazi husema kwa masikitiko kwamba mtoto ameacha shule.

Ukweli ni kwamba hakuacha siku hiyo. Aliacha kidogo kidogo, kama mtungi unavyovuja, na watu wakaja kushtuka umekwisha kuwa mtupu. Yafaa jambo hili lieleweke kwa kila mzazi na kila mwalimu, maana anayengoja mpaka mtoto atoke ndipo amtafutie dawa, amechelewa. Mpango wa elimu mbadala kwa vijana wa sekondari una faida kubwa zaidi ukimpokea mwanafunzi angali njiani, kabla hajafika mwisho wa safari hiyo ya kutoka.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na vijana walio katika umri wa sekondari leo wamekulia katika nyakati ngumu. Vita vilizuka Juba mwezi Desemba 2013, vikarudi mjini humo Julai 2016, na mkataba wa amani ukatiwa saini Septemba 2018. Haukupita muda mrefu, shule zikafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona tangu Machi 2020 hadi Mei 2021, yaani zaidi ya mwaka mzima. Machi 2024 zilifungwa tena kwa ajili ya joto kali, na Februari 2025 zikafungwa mara nyingine baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto mjini Juba. Kila mara milango ilipofungwa, wapo waliotoka wasirudi. Shirika la UNICEF limekadiria katika miaka ya karibuni kwamba watoto wapatao milioni 2.8 nchini humo hawako shuleni.

Hata hivyo, nchi hiyo si ngeni katika elimu mbadala. Chini ya Wizara ya Elimu upo mfumo maalumu kwa ajili hiyo, na sehemu yake ijulikanayo zaidi ni mpango wa elimu ya kasi. Mpango huo huikusanya miaka 8 ya shule ya msingi katika hatua 4 za mwaka mmoja mmoja, kila hatua ikibeba masomo ya madarasa mawili. Uliwekwa kwa ajili ya vijana waliozidi umri, wale ambao vita, umaskini au uhamaji viliwazuia kuanza mapema. Zimo pia katika mfumo huo shule za jamii kwa wasichana, masomo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, elimu kwa wafugaji wanaohamahama, na masomo ya Kiingereza kwa waliosomeshwa kwa Kiarabu.

Kazi hiyo inastahili sifa, lakini uzito wake mkubwa uko katika ngazi ya msingi. Kijana aliyeanza kwa kuchelewa, akamaliza elimu ya kasi, huingia mwaka wa kwanza wa sekondari akiwa na miaka 17, 18 au zaidi, na mbele yake iko miaka mingine 4. Anakuta ratiba iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto wa miaka 14 asiyetegemewa na mtu yeyote. Haimchukui muda kugundua kwamba vazi hilo halimwenei.

Wako wa namna tatu hasa. Wa kwanza ni msichana aliyekwisha kuwa mama, ambaye hawezi kumwacha mtoto wa miezi 5 tangu asubuhi hadi alasiri. Wa pili ni mvulana mwenye pikipiki ya bodaboda, mara nyingi ya mtu mwingine, ambaye jioni hana budi kupeleka hesabu kwa mwenye chombo na kuacha fedha ya unga nyumbani. Wa tatu ni kijana aliyerudi kutoka Khartoum baada ya vita kuzuka huko Aprili 2023. Huyo amesoma sana, lakini kwa Kiarabu. Anapokaa katika darasa la Kiingereza huonekana mjinga mbele ya watoto wadogo kuliko yeye, na aibu hiyo humtoa nje upesi kuliko njaa.

Wapo watakaosema kwamba ada ndiyo chanzo cha yote. Ni kweli kuwa ada imewatoa wengi, na ndiyo maana tangazo la Rais Salva Kiir la Februari 2023, kwamba elimu ya msingi na sekondari katika shule za umma iwe bila malipo, lilipokewa kwa furaha. Lakini sare haikufutwa, wala daftari, wala chakula cha mchana. Zaidi ya hayo, ipo ada isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote, nayo ni saa za kazi ambazo nyumba maskini huzipoteza kila mtoto anapokaa darasani. Walimu nao wana shida zao. Katika mwaka 2024 watumishi wa serikali, walimu wakiwamo, walikaa miezi mingi bila mshahara, na wengine wakaiweka chaki chini wakatafute riziki. Si ajabu basi kukuta darasa ambalo mwalimu aliacha shule kabla ya mwanafunzi.

Je, kuna mahali jambo hili limejaribiwa? Tanzania ina uzoefu wa miaka mingi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Hatua ya kwanza hukusanya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili katika mwaka mmoja, na mwanafunzi akishinda Mtihani wa Maarifa huendelea na hatua ya pili, ambayo ni ya kidato cha tatu na cha nne. Mwisho wake hufanya mtihani ule ule wa Baraza la Mitihani ufanywao na wenzake wa shule za kawaida. Kinachofupishwa ni muda. Cheti hakipunguzwi, na hilo ndilo linalomfanya kijana aone kwamba jasho lake halipotei bure.

Katika uzoefu huohuo limo onyo. Kwa muda mrefu msichana aliyepata mimba nchini Tanzania alifukuzwa, na hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Hata pale ambapo njia mbadala ilikuwapo, ilikuwa ndiyo njia pekee aliyobakiziwa, naye aliiingia kama mtu aliyeadhibiwa. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aruhusiwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kenya ilikwisha kuweka sera ya kuwarudisha wasichana wa namna hiyo mwaka 1994. Funzo ni kwamba elimu mbadala ikitumiwa kama jaa la kutupia wale ambao shule haiwataki, itadharauliwa na walimu, na wazazi, na hatimaye na wanafunzi wenyewe. Inapaswa kuwa mlango wa pili wa nyumba ile ile, na anayeingia kwa mlango huo awe na haki ya kutokea kwa ule wa mbele.

Kwa mtaa kama Hai Mauna, mpango wa kufaa hauhitaji jengo jipya. Unahitaji mambo matano.

La kwanza ni daftari la mahudhurio linalosomwa kila siku. Sudan Kusini imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Katika mradi wa elimu ya wasichana ulioanza mwaka 2013 kwa msaada wa Uingereza, shule zilipeleka taarifa za mahudhurio kwa ujumbe wa simu, na wasichana wa kuanzia darasa la 5 hadi mwisho wa sekondari walipewa fedha kidogo za kuwasaidia kubaki shuleni. Shule iliyoweza kutuma ujumbe mjini haishindwi kumtuma mtu nyumba ya pili. Mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo, mwalimu au mzee wa mtaa apige hodi kwao jioni ile ile, si kwa kumkaripia, bali kwa kuuliza kuna nini.

La pili ni saa. Watu wengi wakisikia elimu mbadala hufikiri darasa la usiku, lakini usiku haufai kwa msichana anayerudi peke yake katika njia zisizo na taa. Yafaa kufikiri saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana. Wakati huo maji yamekwisha kuletwa, mtoto ameogeshwa, na abiria wa asubuhi wamekwisha kufika makazini, hata mwenye bodaboda hapotezi sana. Kwa kuwa jua la Februari na Machi ni kali, darasa likae chini ya mwembe au mwarobaini, au penye ukuta wa matete upitishao hewa, badala ya kujifungia chini ya mabati.

La tatu ni mahali pa watoto wachanga. Mkeka, maji safi ya kunywa, na bibi mmoja wa mtaani anayeaminika na kupewa chochote kwa kazi yake, vyatosha. Mama akimsikia mwanawe akilia aweze kumnyonyesha na kurudi katika hesabu zake bila kuomba ruhusa kama mkosaji.

La nne ni masomo yenyewe. Yachaguliwe yale yanayoingia katika mtihani wa kumaliza sekondari, yafuate mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2019, na vipindi vya Kiingereza vitangulie kwa wale waliotoka katika shule za Kiarabu. Kijana wa Khartoum ajuaye aljebra kwa Kiarabu hahitaji kufundishwa aljebra upya. Anahitaji kupewa majina yake kwa lugha nyingine.

La tano ni uhusiano na shule mama. Mwanafunzi wa darasa hilo abaki katika daftari la sekondari ya karibu, asajiliwe mtihani kupitia kwake, na hali yake ikitengemaa arudi katika darasa la kawaida bila kuanza upya. Tena mwalimu wake apewe posho inayojulikana, hata ikiwa ndogo, na tarehe ya kulipwa ijulikane. Mpango usio na fungu la mwalimu ni mpango wa msimu mmoja.

Baada ya hayo yote, sehemu kubwa ya kazi hubaki nyumbani. Mzazi anayetaka kujua mwanawe amefika wapi katika safari ya kutoka asingoje barua ya mwalimu mkuu. Aangalie kama sare imefuliwa Jumapili. Asikilize kama mtoto bado anaomba kalamu na daftari, maana mtoto aliyeacha kuomba si kwamba ameridhika. Huenda amekata tamaa. Auulize mtihani wa mwezi ulikuwaje, na akijibiwa kwa kunyamaza, aende shuleni siku inayofuata.

Aidha, kazi za nyumba zigawanywe kwa haki. Hakuna mila iliyoandika kwamba dumu la maji halibebwi na mvulana. Kaka wawili wakipokea zamu ya maji siku tatu kwa juma, dada yao amepata vipindi vitatu vya asubuhi, na hilo halimgharimu baba hata pauni moja.

Liko pia suala la posa. Takriban nusu ya wasichana wa Sudan Kusini huolewa kabla ya kutimiza miaka 18, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 inawakinga na ndoa ya namna hiyo. Familia iliyobanwa na maisha huziona ng'ombe za mahari kuwa wokovu, na msichana anayeshinda nyumbani bila shule huonekana yu tayari. Ndiyo maana kukosa shule kwa miezi miwili si jambo dogo kwake. Mvulana aliyeacha masomo aweza kurudi baada ya miaka miwili akiwa na fedha kidogo mfukoni; msichana aliyeacha huenda akawa na mume, mtoto na mji mwingine kabla mwaka haujaisha. Darasa la saa tatu kwa siku, hata liwe chini ya mti, humpa jibu la kuwaambia wajomba na shangazi: bado anasoma.

Wazazi na walimu wa mtaa wowote waweza kuanza kabla ya mfadhili kufika. Waitane siku moja alasiri, kila nyumba itaje saa ambazo kijana wake aweza kuachiliwa bila nyumba kulala na njaa, na katibu aziandike. Mahali saa hizo zinapokutana ndipo ratiba ianzie. Shule iliyopangwa kwa saa ambazo watu wanazo itapata wanafunzi, na daftari lake la mahudhurio litakuwa ushahidi wa kupeleka wizarani kudai mwalimu na vitabu.